Vitu vya kale vya nyumbani na zawadi: maswali tunayoulizwa mara kwa mara dukani kwetu Nakuru

Duka letu ni dogo, liko katikati ya jiji la Nakuru, na ndani yake utakuta kandili, karabai, cherehani za miguu, pasi za makaa, vikombe vya bati, santuri, vigoda na vitambaa vya kochi vilivyofumwa kwa mkono. Zamani wateja waliuliza bei tu. Siku hizi ujumbe mwingi unatoka kwa watu wanaotaka kufungua duka kama hili Kisumu, Kakamega, Eldoret na kwingineko, nasi tunawajibu kwa furaha. Kila wiki karabai nzima nzima zinapimwa kwa kilo kwenye vyuma chakavu, na cherehani ambazo zingeshona miaka mingine mingi zinavunjwa kwa nyundo. Maduka haya yakiongezeka, vitakavyookolewa vitakuwa vingi zaidi.

Kuna soko kweli? Si watu wanataka vitu vipya?

Soko lipo. Anayenunua kandili kwetu mara nyingi ni mtu ambaye stima zimempotea mara mbili wiki hiyo na amechoka na taa za plastiki zinazokufa baada ya miezi miwili. Anayenunua pasi ya makaa huenda ana kibanda cha kufulia nguo mahali ambapo umeme si wa kutegemewa. Kisha wako wenye mikahawa na nyumba za wageni za Naivasha na Elementaita wanaotaka kupamba, na vijana waliokulia ushago wanaokitafuta kikombe kile kile cha bati chenye ukingo wa buluu walichonywea uji.

Kwa hivyo usiuze ukale. Uza kitu kinachoweza kurudi kazini nyumbani kwa mtu. Kandili isiyowaka ni pambo, na pambo lina mnunuzi mmoja ambapo kandili inayowaka ina kumi.

Mnavipata wapi?

Kwa watu, na kwa subira. Nakuru ilizungukwa na mashamba makubwa ya walowezi, Njoro, Molo, Subukia, Gilgil, na baada ya uhuru vyombo vingi vya nyumba zile vilibaki mikononi mwa wafanyakazi na wanunuzi wa mashamba. Hadi leo utakuta kabati la mninga au mvule limejaa mbolea kwenye stoo ya mtu. Chanzo kingine ni maduka ya zamani ya Wahindi yanapofungwa, hoteli zinapobadilisha vijiko na birika, na shule za bweni zinapotoa vitanda na kengele kwa zabuni.

Ukiwa Kisumu, nenda Kibuye siku ya Jumapili, soko linapofurika. Fika mapema, zungukia upande wa mafundi wa jua kali kabla ya kwenda kwa wauzaji wa vyombo, kwa sababu fundi ndiye anayeletewa kitu kilichoharibika. Wenye vyuma chakavu pia ni marafiki zetu. Tumewaomba watuite kabla ya kuvunja chochote chenye pampu, gurudumu au maandishi, na tunawalipa zaidi ya bei ya kilo. Mpango huo mmoja umetuletea karabai nyingi kuliko mabroka wote.

Ila kuwa mwangalifu sana na shaba, nyaya na vifaa vyenye alama za mashirika ya umma. Wizi wa vifaa vya umeme na reli ndio uliofanya serikali ipige marufuku biashara ya vyuma chakavu kwa muda mwaka wa 2022. Kupokea mali ya wizi ni kosa ambalo kifungo chake kinaweza kufika miaka 14. Andika jina la anayekuuzia, nambari ya kitambulisho na simu, kila mara, hata kama ni kijiko. Anayekataa kuandikwa aondoke na kitu chake.

Familia iliyofiwa ikiniita ninunue vitu vya marehemu, nifanyeje?

Nenda, lakini usibebe pesa siku ya kwanza.

Hili ndilo jambo ninalolizungumza kwa mkazo kuliko yote. Sheria ya Urithi inakataza mtu yeyote kugusa mali ya marehemu bila idhini ya sheria, na mnunuzi anaweza kujikuta ndani ya kesi pamoja na muuzaji. Hata sheria ikiwekwa kando, nyumba yenye matanga haina akili ya kuuza. Mtoto wa kiume aliyekuja kutoka Nairobi anataka nyumba ibaki wazi kabla ya Jumatatu. Dada yake aliyemuuguza mama hajaulizwa. Na cherehani unayoitazama ndiyo iliyowalipia karo wote wawili.

Sisi huenda, tukasalimia, tukaketi. Tunaomba kuonyeshwa vitu mbele ya watu wazima wa familia waliopo, tunaandika orodha na bei tunayoweza kutoa, tunawaachia nakala na kuondoka. Tunawaambia waziwazi kwamba hatununui hadi wakubaliane na mambo ya urithi yawe yametulia. Wengine hawatupigii tena, na ni haki yao. Wanaopiga simu hutuita wakiwa wametulia, na mara nyingi wanatupa hadithi ya kitu pamoja na kitu chenyewe: nani alikinunua, wapi, kilifanya kazi gani. Tunaiandika kwa ruhusa yao, bila majina, kwenye karatasi inayoenda na kitu kwa mnunuzi.

Kuna vitu tunavyowashauri wasiuze kabisa. Kigoda cha mzee katika boma nyingi za Waluo na Waluhya hakikuwa kiti cha kila mtu, wala hakihamishwi ovyo. Mjukuu akitaka kukiuza kwa sababu amebanwa, tunamwomba kwanza azungumze na wazee wa nyumbani.

Nitajuaje kitu ni cha miaka gani?

Kigeuze, uangalie chini. Jina la nchi linasema mengi. Sahani ya bati iliyoandikwa Czechoslovakia haikutengenezwa kabla ya 1918, nchi hiyo ilipoanzishwa, wala baada ya 1992, mwaka wake wa mwisho. Redio au saa yenye West Germany ni ya kati ya 1949 na 1990. Kitu chenye USSR hakivuki 1991. Si lazima uwe mtaalamu. Unahitaji historia uliyosoma shuleni na kitambaa cha kufutia vumbi.

Hapa Nakuru tunapata sana vyombo vya reli, kwa kuwa hapa ndipo njia ziligawanyika: moja kuelekea Kisumu, ambako reli ilifika 1901, na nyingine kuelekea Uganda kupitia Eldoret. Uma au sahani yenye herufi KUR&H ni ya kabla ya 1948, reli ya Kenya na Uganda ilipounganishwa na ile ya Tanganyika. Herufi EAR&H ni za kuanzia hapo hadi 1969, reli na bandari zilipotenganishwa kuwa mashirika mawili. Vyombo vya namna hii vinapendwa sana na watu ambao baba zao walifanya kazi ya reli. Viulizie asili kwa makini: vipo vilivyouzwa kihalali kwenye minada, na vipo vilivyotoka stoo usiku.

Cherehani za Singer zina nambari ya usajili kwenye mwili. Nyingi zilizofika huku zina herufi mbili, ya kwanza ikiwa E, nazo zilitoka kiwanda cha Clydebank, Scotland, kilichofungwa 1980. Orodha za nambari hizo zinapatikana kwenye intaneti na zitakupa mwaka bila kubahatisha. Angalia pia kama chapa ya dhahabu imechakaa kwa mkono wa mshonaji, upande wa kulia karibu na gurudumu. Chapa inayong'aa kote juu ya mashine iliyolegea imebandikwa juzi.

Usipojua, andika "umri haujulikani". Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012 inakataza maelezo ya uongo kuhusu bidhaa, na mteja uliyemdanganya kuhusu umri wa kitu, hata kwa mwaka mmoja tu, hatakuamini tena kwa lolote.

Vijiko hivi ni fedha kweli?

Vikiandikwa EPNS, ni mchanganyiko wa metali uliopakwa fedha juu. Vizuri kwa zawadi, lakini si fedha tupu. Fedha halisi ya Uingereza huwa na mihuri midogo, mmojawapo wa simba anayetembea. Tumia kioo cha kukuza.

Nina sarafu za senti kumi zenye tundu katikati. Nitatajirika?

Hapana. Zilitengenezwa kwa wingi sana kabla ya Kenya kuanza kutumia pesa zake yenyewe mwaka wa 1966. Sisi tunazinunua kwa bei ndogo na kuzifunga kwenye kadi za zawadi, na watoto wanazipenda.

Ni vitu gani hamnunui hata vikiletwa mlangoni?

Pembe za ndovu, ngozi za chui au mbega, kwato, meno, magamba ya kasa, na kitu chochote kilichotengenezwa kwa viungo vya wanyamapori. Sheria ya Wanyamapori ya 2013 haijali kama bangili ilikuwa ya nyanya yako. Uwindaji ulipigwa marufuku Kenya mwaka wa 1977, na tangu hapo hakuna mlango wa nyuma katika jambo hili. Ukikuta kitu kama hicho kwenye sanduku ulilonunua, wasiliana na Shirika la Huduma kwa Wanyamapori kabla hujakihamisha.

Hatununui vigango vya Wamijikenda. Ni nguzo za mbao zilizochongwa za kuwakumbuka wazee waliofariki; viliibwa kwa wingi vikauzwa ng'ambo, na jamii bado inaomba virudishwe. Pia tunajiepusha na vitu vya kale mno. Kwa Sheria ya Makavazi ya Kitaifa na Turathi ya 2006, kitu kinachohamishika kilichotengenezwa au kuletwa Kenya kabla ya 1895, kisipokuwa kitabu au hati, kinalindwa, na milango iliyochongwa kabla ya 1946 inalindwa pia. Mtalii asikushawishi kumpakilia mlango wa Lamu. Duka la namna yetu linaishi kwa vitu vya karne ya 20, navyo ni tele.

Nikitengeneze kwanza, au nikiuze kilivyo?

Tengeneza kinachokifanya kifanye kazi. Acha kinachoonyesha kilikotoka.

Karabai nyingi zinazoitwa mbovu zimekauka washa ya ngozi ya pampu. Ivue, iloweshe mafuta, itanue kwa vidole, na taa itajaa upepo tena. Stovu ya pampu iliyoziba inahitaji pini na uvumilivu. Kandili iliyovuja chini inataka fundi wa kuchomelea risasi, na mafundi hao wanapungua; mmoja wa wetu ni mzee ambaye tunamwomba kila siku afundishe kijana. Cherehani inataka mafuta, mkanda mpya wa ngozi na kusafishwa nyuzi zilizojikunja chini ya shatali. Mlipe fundi siku ile ile. Bila yeye huna duka, una stoo.

Kosa kubwa la wanaoanza ni kupaka rangi. Sanduku la mbao lenye bati pembeni, lenye jina la mwanafunzi na namba ya shule iliyoandikwa kwa mkono, linapoteza nusu ya thamani yake likipakwa vanishi ya kung'aa. Shaba nyeupe na nyekundu zisugue kwa ndimu na chumvi, au majivu laini, na uache giza kidogo kwenye mikunjo ya nakshi. Mbao zipake nta. Kutu itoe kwa mafuta ya taa na brashi, sio msasa mkali.

Vya umeme ni jambo tofauti. Redio au taa ya mezani yenye waya uliofunikwa kwa mpira wa zamani usiichomeke kamwe ili "kujaribu": mpira huo hukauka na kupasuka, na ndani waya uko wazi. Fundi wa umeme abadilishe waya wote na plagi kabla mteja hajaiona.

Vyombo vya zamani ni salama kwa chakula?

Vya bati vyenye enameli nzima, mara nyingi ndiyo, ila vikimenyuka ndani vifanye vya maua. Vyombo vya udongo vyenye rangi kali ndani, hasa nyekundu na ya machungwa, vinaweza kuwa na risasi au kadimi, metali zenye sumu, kwenye rangi hiyo, na vitu vichachu kama maziwa lala, juisi ya ukwaju au mchuzi wa nyanya ndivyo vinavyoitoa. Tunaviuza kama mapambo na tunasema hivyo kwenye karatasi ya bei. Birika la shaba lisilopakwa bati ndani, vivyo hivyo. Mama akija na mtoto mgongoni anataka kikombe cha uji, tunamwonyesha kile ambacho tungempa wa kwetu.

Bei mnapangaje?

Tuseme umenunua kandili kwa shilingi 400, chimni mpya na utambi 200, fundi 250, nauli ya boda boda 100. Hiyo ni 950 kabla ya kodi ya duka. Ukiiuza 1,200 kwa sababu jirani anauza mpya kwa bei hiyo, umefanya kazi ya bure. Andika gharama ya kila kitu kwenye daftari siku kinapoingia, kisha jiulize ni muda gani kitakaa rafuni. Vikombe vinaondoka haraka, faida yake iwe ndogo. Kabati litakaa miezi, na linakalia nafasi unayoilipia.

Bandika bei. Mteja asiyeona bei hudhani anapimwa kwa viatu vyake. Kupatana kupo na ni desturi yetu, basi acha nafasi ndogo, na useme mwisho wako kwa heshima.

Leseni na kodi?

Sajili jina la biashara kupitia eCitizen, pata kibali cha biashara cha kaunti, na PIN ya KRA. Ukiuza zaidi ya shilingi milioni 1 kwa mwaka lakini zisizozidi milioni 25, utaangukia kodi ya mauzo ghafi, ambayo tangu Julai 2023 ni asilimia 3 ya mauzo yote, wala si ya faida, na hulipwa kila mwezi kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Ukipiga santuri dukani wateja wasikie, ulizia leseni ya muziki. Wengi hushtuka hili likifika. Kabla ya kutoa gudwili, yaani malipo ya kuachiwa chumba, kwa anayehama, hakikisha mwenye jengo anajua na ameandika.

Mtaji? Anza na meza moja na vitu vya aina mbili unavyovielewa. Wengi hufilisika kwa kununua kila walichokipenda.

Zawadi zipi huondoka sana?

Desemba na misimu ya mahafali, vyuo vya Egerton na Maseno vinapotoa wahitimu, watu hutafuta saa za mkono za kutia ufunguo na kalamu za wino. Harusini na kwenye ruracio, sherehe ya mahari ya Wakikuyu, ni seti za chai, masinia na vitambaa. Vitambaa vya kufuma tunavipenda mno: akina mama wa magharibi mwa Kenya waliketi jioni na sindano moja wakajaza sebule zote za nchi hii, na kazi hiyo ilichukuliwa kama si kitu. Tunavifua, tunavipiga pasi, tunavifunga na mawe ya Kisii yaliyochongwa Tabaka, ambayo ni mapya na tunasema ni mapya.

Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku tarehe 28 Agosti 2017. Tunafunga kwa magazeti, leso na vikapu vya mkonge, na wateja wengi hurudi kununua kikapu chenyewe.

Mnatuma mizigo?

Ndiyo, kwa kampuni za vifurushi na matatu za masafa marefu. Barabara ya kwenda Kisumu kupitia Kericho ina kona za kutosha kuvunja seti nzima ya chai. Kila chombo kifunge peke yake, sahani zisimame wima zisilaliane, weka boksi ndani ya boksi na ujaze randa za mbao kutoka kwa seremala katikati. Chimni ya kandili isisafiri ndani ya kandili. Piga picha kabla ya kufunga.

Kisumu kuna joto na unyevu. Vitu vitaharibika?

Vitahitaji uangalizi tofauti na wetu. Huku shida ni vumbi. Kule santuri za plastiki hupinda zikilala au zikikaa karibu na dirisha, kwa hivyo zisimamishe wima, mbali na jua. Zile nzito za kasi ya 78 hazipindi upesi ila huvunjika kama sahani ya udongo. Benga ya miaka ya 1970 ina wapenzi wengi kandokando ya ziwa, na santuri iliyopinda ni hasara isiyorudi. Mvua za Machi hadi Mei zikianza, sogeza samani kutoka ukutani, na chunguza unga laini chini ya miguu ya viti: huyo ni bungua, mdudu anayetoboa mbao, na kiti hicho kitoke dukani siku hiyo hiyo kabla hajahamia kabati la jirani yake.

Mteja akirudisha kitu?

Tulichosema kinafanya kazi kisipofanya, tunakitengeneza bure ndani ya mwezi mmoja, au tunarudisha pesa kwa M-Pesa. Tulichouza kama pambo hakirudi, na hilo limeandikwa kwenye risiti. Mteja akibadili mawazo tu, tunambadilishia na kitu cha bei hiyo hiyo. Kandili tunaiwasha mbele yake kabla hajalipa, hata kama foleni ni ndefu.